Kidonge Nilichotia Katika Chai Yake

Wiki iliyopita, wasomaji wangu, niliwaacha pale mjukuu wangu akiwa na barua mkononi, anaisoma kwa mara ya tatu kama mtu anayetafuta jina la mwingine ndani yake.

Kwa aliyenikuta njiani leo, nieleze kwa kifupi. Mjukuu wangu ni mcheza mpira wa kulipwa. Si wale mnaowaona kwenye mabango. Ni beki. Amechezea timu nane katika miaka kumi na mitatu, kila moja mwaka, ikizidi sana miwili. Ndiyo maana mashabiki walimpachika jina la Begi. Akisajiliwa wanasema, "Begi limeshushwa." Akiachwa wanasema, "Begi limefungwa." Yeye hucheka. Mimi niliyemlea tangu mama yake alipofariki ndiye niliyekuwa nalipanga begi lenyewe, soksi chini na taulo juu.

Timu ya nane ilimwahidi kitu ambacho hajawahi kukipata: mkataba wa miaka mitatu. Sharti lilikuwa moja. Acheze mechi tatu za mwisho za msimu, wamwone kama bado mzima. Wiki hiyohiyo goti likavimba.

Alicheza. Baada ya mechi ya kwanza wakampima mkojo. Na barua ile ilisema mkojo wake umekutwa na dawa iliyokatazwa michezoni.

Wiki iliyopita sikuwaambia dawa hiyo ilikuwa ya nani. Nilikuwa sijapata moyo. Leo nawaambia. Ilikuwa yangu.

*

Mimi nina presha, na miguu yangu hujaa maji. Zahanati walinipa vidonge vidogo vyeupe. Unameza asubuhi, unakwenda chooni mara nyingi kuliko kuku anavyokwenda jaani, na jioni viatu vinaingia.

Siku goti la Begi lilipovimba, nililitazama nikaona miguu yangu.

"Mume wangu," nikamwambia, maana ndivyo tunavyoitana tangu akiwa mdogo, "goti hilo lina maji. Nina dawa yake."

"Bibi, acha. Mimi sinywi hata dawa ya mafua bila kumuuliza daktari wa timu. Mpira wa siku hizi una polisi mpaka kwenye mkojo."

"Polisi hao wana kazi chafu."

Akacheka. Akalishika goti kwa mikono miwili kama mtu anayeshika sufuria ya mtu mwingine.

"Lisiposhuka kufika siku ya mechi, bibi, nimekwisha. Nina miaka thelathini na miwili. Hakuna timu ya tisa."

Maneno hayo hayakunitoka. Asubuhi yake nikakata kidonge nusu, nikakisaga kwa mgongo wa kijiko, nikakitia kwenye chai yake. Nikaongeza sukari kuficha uchungu.

"Leo umenipenda kweli," akasema baada ya kuonja. "Chai tamu hivi!"

"Kwani mke hampendi mumewe?"

Akainywa yote. Nilimtilia siku tano.

Siku ya nne goti likashuka. Nikajisifu moyoni, mwanamke mjinga mimi. Nikasahau kwamba siku zote hizo kuna mtu mwingine alikuwa akilishughulikia goti lile kwa barafu na bendeji, asubuhi na jioni. Huyo ni mchua misuli wa timu. Wachezaji wanamwita Mikono. Mpaka leo sijui ni kidonge changu kilichofanya kazi au ni vidole vyake.

Kitu kimoja kingenishtua kama ningekuwa na akili. Begi alirudi mazoezini akicheka peke yake.

"Leo wamenitania, bibi. Kila dakika kumi nakwenda chooni. Wanasema Begi linavuja."

Nikacheka naye.

Siku ya mechi nilisikiliza redioni. Mara mbili mtangazaji akasema beki yuko chini, misuli imemkaza. Mara mbili akasema mchua misuli anaingia mbio na chupa yake. Ndani ya chupa kulikuwa na maji, chumvi na sukari. Mikono huchanganya mwenyewe nyumbani kwake kwa ajili ya wanaokazwa na misuli. Begi alikunywa, akainuka, akacheza mpaka mwisho. Akatoa mpira mmoja mstarini kwa kichwa. Mtangazaji alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka.

Kura ya vipimo ikamwangukia yeye.

*

Sasa turudi kwenye barua.

Begi aliiweka mezani akaanza kujihoji kwa sauti.

"Nimekunywa nini mimi ambacho hakikutoka kwa daktari? Maji ya klabu yanakuja yamefungwa. Chakula nakula hapa nyumbani." Akainua kichwa. "Chupa ya Mikono."

Nilikuwa nimesimama karibu na jiko. Birika lilikuwa linachemka.

"Na vya hapa nyumbani?" nikamuuliza. Sauti yangu sikuitambua.

"Vya kwako nivihesabu vya nini, bibi? Hapa ndipo ninapopumua."

Hapo, wasomaji wangu, ndipo nilipopaswa kusema. Mlango ulikuwa wazi. Ningesema maneno sita tu. Lakini nilimtazama usoni nikaogopa. Sikuogopa adhabu, mzee kama mimi atafungwa wapi? Niliogopa siku atakayokipokea kikombe kutoka mkononi mwangu na kukitazama ndani kwanza.

Nikanyamaza. Alipotoka kwenda klabuni, nikavichukua vidonge vyote vilivyobaki nikavimwaga chooni pamoja na kopo lenyewe.

Kesho yake Begi aliandika maelezo kwamba kitu pekee asichokuwa na uhakika nacho ni chupa ya Mikono. Siku iliyofuata Mikono akasimamishwa kazi. Viongozi wa klabu walimkuta amepiga magoti anamfunga mchezaji bendeji, wakamwambia asimame, aache hivyohivyo. Mtu aliyekuwepo aliniambia kwamba Mikono aliomba amalize kwanza mguu ule. Wakamruhusu. Akamaliza, akakunja taulo, akatoka.

*

Ukiacha vidonge vya presha ghafla, mwili unakudai. Miguu yangu ilivimba ikawa kama mikate. Jioni Begi, ambaye klabu ilikuwa imemzuia kufanya mazoezi, alikaa chini akaiweka mapajani mwake akawa anaikanda taratibu.

"Bibi, dawa zako unakunywa?"

"Nakunywa."

"Mbona haishuki?"

"Uzee haushuki, mume wangu. Unapanda tu."

Alicheka kidogo, akaendelea kunikanda. Nilitazama ukutani. Kukandwa miguu na mtu uliyemvunja yeye miguu, sitaki mlijue jambo hilo.

Baada ya wiki tatu Mikono alikuja nyumbani. Alitaka kuzungumza na Begi uso kwa uso. Begi alikataa kutoka chumbani.

"Mwambie nimelala."

"Nimesikia kwamba umelala," Mikono akajibu kutoka barazani. "Lala salama, ndugu yangu. Mimi silali."

Nikatoka nje nikamwekea kiti. Hakukaa. Alikuwa ameiona miguu yangu. Akachuchumaa, akaniomba ruhusa, akabonyeza kwa kidole gumba juu ya kisigino. Kishimo kikabaki palepale.

"Mama, unatumia dawa gani?"

"Nilikuwa natumia vile vya maji. Vyeupe."

"Vimekwisha?"

"Nimevitupa."

"Lini?"

Kwa nini sikudanganya, sijui. Pengine ni kwa sababu mkono wake ulikuwa bado uko mguuni pangu, na ulikuwa mkono wa upole.

"Siku ile ya barua," nikasema.

Hakuinua kichwa. Nilisubiri apige kelele, amwite Begi, awaite majirani. Ana haki. Nikamwambia yote kwa sauti ya chini: goti, kijiko, sukari, siku tano.

Alipomaliza kusikia, alisema hivi: "Kesho uende zahanati ukachukue vingine. Ukifa, nani atasema?"

"Hutamwambia?"

"Hili ni lako, mama. Siwezi kulitoa mdomoni mwako. Nikilisema mimi, wataona najitetea kwa kumsingizia mzee." Akainuka, akajifuta magoti. "Ila usichelewe. Mimi nina watoto watatu, na wa nne yuko njiani."

Akaondoka kwa miguu. Zahanati nilikwenda. La pili alilonituma nikalichelewesha. Kila asubuhi nilisema leo. Kila jioni nilisema kesho. Hivyo ndivyo tulivyofika siku Begi alipoitwa mbele ya kamati ya dawa za michezoni.

*

Kamati ilikaa ghorofa ya tatu. Katibu wa klabu alinipa mkono wake ngazi zote, akipumzika kila nilipopumzika, akijifanya ni yeye aliyechoka. Sijamsahau.

Chumba kilikuwa na meza ndefu, feni inayogeuka polepole, na viti vya plastiki. Mwenyekiti alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Begi alikaa mbele na shati lake la kwendea harusini. Mikono alikaa nyuma karibu na mlango, begi lake la kazi mapajani.

Mwenyekiti alianza na Mikono.

"Chupa yako tumeipima. Unga uliokuwa kwenye kopo lako tumeupima. Ni chumvi na sukari, basi. Kuanzia kesho utarudi kazini. Tunasikitika kwa usumbufu."

"Asante," Mikono akasema. Hakutabasamu.

Nilimwona Begi akiinamisha shingo. Mlango aliokuwa ameuegemea ulikuwa umefunguliwa kwa nyuma.

"Sasa wewe," Mwenyekiti akamgeukia. "Dawa hii hutumiwa na walaghai ili kusafisha mwili, dawa nyingine zisionekane. Chupa si yenyewe. Iliingiaje?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijui, mheshimiwa. Naapa kwa kaburi la mama yangu. Sijui."

"Wote mnaokaa kwenye kiti hicho hamjui. Usipoeleza ilivyoingia, ni miaka minne. Ukieleza, na tukaridhika kwamba hukudhamiria, inaweza kushuka sana."

Miaka minne. Begi angetoka akiwa na thelathini na sita. Beki wa thelathini na sita aliyekaa miaka minne bila mpira ni mtu wa kuuza kumbukumbu.

Nikasimama. Kiti kikalia.

"Ni mimi," nikasema.

"Bibi, kaa chini," Begi akanong'ona.

"Nilimtilia mimi kwenye chai. Dawa yangu ya maji. Siku tano. Hakujua."

Halafu mjumbe mmoja, mzee wa upara, akatabasamu kwa huruma.

"Mama, hata bibi yangu angesema hivyohivyo."

"Basi bibi yako ni mtu mwema. Mimi nasema kwa sababu ni kweli."

Nikawapa kadi yangu ya zahanati. Mwenyekiti aliisoma, akainua miwani, akaisoma tena. Akanimiminia maji kwenye glasi yake mwenyewe akanisogezea. Nikadhani nimeshinda.

"Jina la dawa ni lilelile," akasema. "Kadi inaonyesha kwamba dawa ilikuwemo nyumbani. Haionyeshi ni mkono wa nani ulioitia kikombeni. Mjukuu angeweza kuichukua mwenyewe. Kopo la siku zile liko wapi?"

"Nilimwaga chooni."

"Kwa nini?"

"Niliogopa."

"Mtu asiye na kosa huogopa nini?"

"Sikusema sina kosa, mwanangu. Nimekuja kusema ninalo."

Mzee wa upara akaacha kutabasamu.

Wakati wote huo Begi hakuwa amegeuka. Sasa akageuka. Nilitarajia hasira. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananitazama kama mtu anayehesabu vikombe vyote vya maisha yake, kimoja kimoja, tangu kile cha kwanza.

"Sukari," akasema polepole. "Ndiyo maana ilikuwa tamu."

"Ndiyo, mume wangu."

Akaufunika uso kwa viganja.

"Mama," Mwenyekiti akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole, "nataka kukuamini. Lakini umekaa kimya wiki sita. Unasema leo, baada ya kusikia miaka minne. Kuna mtu yeyote uliyemwambia kabla ya leo? Mtu ambaye si wa nyumba yako? Akija hapa akathibitisha, maneno yako yatasimama."

Macho yangu yalitaka kwenda mlangoni. Niliyashika kwa nguvu.

Maana katibu alikuwa amenieleza kanuni tukiwa ngazini. Mtu yeyote wa timu anayejua jambo la dawa akalificha, naye anafungiwa. Daktari, kocha, mchua misuli. Haijalishi alificha kwa wema. Mikono alikuwa amerudishiwa kazi yake dakika ishirini zilizopita. Watoto watatu, wa nne yuko njiani.

Nilikuwa nimekwisha kumharibia mtu huyu mara moja kwa kunyamaza. Nimharibie tena kwa kusema?

Na hapa mbele yangu yuko mtoto wa binti yangu, viganja usoni.

"Hakuna," nikasema. "Sikumwambia mtu."

Mwenyekiti alinitazama kwa muda. Kisha akafunga jalada.

"Nasikitika, mama."

"Yupo."

Sauti ilitoka nyuma. Mikono alikuwa amesimama.

"Yupo mtu," akasema. "Mama anamficha."

"Subiri," Mwenyekiti akainua mkono. "Kabla hujaongeza neno, kijana. Kanuni unaijua?"

"Naijua."

"Unajua kwamba ukiwa ulijua, ukakaa nalo, nakuondoa kwenye mpira? Nitakuondoa leo, na sitakuwa na namna."

"Naijua, mheshimiwa."

"Basi nitakuuliza swali moja, na utajibu neno moja. Fikiri kwanza."

Begi akashusha viganja. Akasukuma kiti, akasimama akamkabili mtu ambaye yeye mwenyewe alimshtaki kwa maandishi, kisha akakataa kumfungulia mlango.

"Mikono, kaa chini."

"Mimi sizungumzi na wewe," Mikono akajibu. "Wewe umelala."

"Kaa chini, nakuomba. Mimi nimekwisha, hata wakinipunguzia. Goti hili unalijua kuliko mimi. Lina msimu mmoja, misimu miwili. Wewe una miaka thelathini mbele yako na mikono hiyo. Kaa, ndugu yangu. Niache nifungiwe."

"Mchezaji, nyamaza," Mwenyekiti akasema. Akamgeukia Mikono. "Mama huyu alikwambia, kabla ya leo, kwamba alimtilia dawa kwenye chai? Ndiyo au hapana."

Mikono aliliweka begi lake la kazi sakafuni. Akanitazama. Niliona hasira kidogo usoni mwake kwa mara ya kwanza, na niliistahili yote. Lakini chini yake palikuwa na upole uleule wa siku ile barazani, kidole gumba juu ya mguu wangu.

Nimefundishwa tangu utotoni kumwomba Mungu awape watu ukweli. Nimewafundisha wanangu hivyo, na mjukuu wangu.

Mikono alipofungua mdomo wake, nilimwomba Mungu, mjukuu wangu akiwa amesimama mbele yangu, kwamba mtu huyu mwema aseme uongo.